Bunduki ya easofti ya bei nafuu: tazama kilichomo ndani kabla ya kutazama bei

Juu ya meza yangu ya ufundi kuna giaboksi mbili, yaani makasha ya gia zinazoendesha bunduki, zilizofunguliwa. Zimetoka kwenye bunduki mbili za easofti ambazo kwa nje ni pacha: umbo lilelile, weusi uleule, kitako kilekile cha kuvuta na kurudisha. Ya kwanza ina gia za chuma, bushi za chuma, na skrubu ambazo bisibisi yoyote nzuri inazifungua. Ya pili ina gia za plastiki nyeupe, na moja imepukutika meno manne yaliyofuatana. Ganda lake lina umbo la kwake peke yake, kwa hiyo hakuna gia ya kampuni nyingine inayokaa humo. Ile ya kwanza imetumika miaka mingi na bado inafyatua. Ya pili ilinunuliwa kwa sababu ilikuwa na bei ya chini zaidi, na leo haina pa kwenda ila jalalani.

Watu wengi wanaoniomba ushauri huja na swali moja: ni bunduki gani rahisi nikainunua? Mimi huwarudisha kwenye meza hiyo. Unafuu wa bunduki hizi unapimwa kwa spea. Ile ambayo gia yake ikikatika unapata nyingine, unaifungua mwenyewe, unaibadilisha na jioni hiyohiyo unacheza, ndiyo ya bei nafuu, hata kama ulilipa zaidi siku ya kwanza.

Kwa asiyeujua mchezo huu: easofti ni mchezo wa kulengana kwa bunduki za mfano zinazorusha gololi ndogo za plastiki zenye kipenyo cha milimita 6, au kwa usahihi zaidi milimita 5.95. Ulianza Japani miaka ya 1970, nchi ambayo raia hawaruhusiwi kirahisi kumiliki silaha za moto, na wapenzi wa bunduki wakatafuta njia ya kushika zinazofanana nazo bila hatari ya risasi. Mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ilitoa bunduki ya umeme yenye umbo la FAMAS, bunduki ya jeshi la Ufaransa, na tangu hapo bunduki ya umeme ndiyo iliyotawala viwanja. Jambo hilo la kihistoria linamgusa mnunuzi wa leo moja kwa moja, kwa sababu maumbo ya giaboksi ya Tokyo Marui yaliigwa na viwanda vingine vingi, na ndiyo yaliyozaa soko la spea linalotuokoa sote.

Kabla ya kufika kwenye giaboksi, chagua kwanza aina ya nguvu. Kuna tatu. Bunduki ya springi unaikoki kwa mkono kila mlio. Ni rahisi kuliko zote, haina betri wala gesi, na ikiwa imetengenezwa vizuri inadumu sana. Kwa mtu anayetaka kulenga makopo uani au anayependa kazi ya mdunguzi, inatosha kabisa. Bunduki ya gesi inapiga kwa gesi iliyojazwa ndani ya magazini, nayo inarusha nyuma sehemu ya juu kama ya kweli, na raha yake ni kubwa. Lakini gesi ni mtumwa wa hali ya hewa. Ile gesi ya kijani inayouzwa kwenye makopo kimsingi ni propani iliyochanganywa na oili kidogo ya silikoni, na kukiwa na baridi msukumo wake unashuka, bunduki inakohoa. Juu ya hapo, magazini ya gesi ni kifaa kizima chenye vali na sili, kwa hiyo bei ya magazini tatu za ziada inaweza kukaribia bei ya bastola yenyewe. Mwenye mfuko mwembamba asianzie hapo.

Inabaki ya umeme. Hii ndiyo ningemshauri mtu anayeanza na anayetaka kucheza na wenzake uwanjani, na ndiyo inayohitaji kufafanuliwa kwa kirefu.

Ukibonyeza kifyatulio, betri inazungusha mota iliyomo ndani ya mshikio. Mota inazungusha gia tatu zilizoshikana. Gia ya tatu ina meno nusu tu ya mzingo wake: nusu yenye meno inaivuta pistoni nyuma na kuikandamiza springi, kisha nusu isiyo na meno ikifika, pistoni inaachiwa. Springi inaisukuma mbele kwa nguvu, hewa iliyomo kwenye silinda inabanwa, inapita kwenye nozeli na kuitoa gololi mtutuni. Katika bunduki inayopiga mfululizo, mzunguko huo unajirudia mara kumi na kitu kwa sekunde. Sasa fikiria meno ya pistoni yanavyovutwa na kuachiwa hivyo mchana kutwa. Utaelewa kwa nini gia za plastiki hazifiki mbali.

Kuna maumbo mawili ya giaboksi unayotakiwa kuyakumbuka. Toleo la pili liko kwenye bunduki za umbo la M4 na M16, MP5 na G3. Toleo la tatu liko kwenye AK na G36. Ukinunua bunduki yenye mojawapo ya hizo, gia, pistoni, springi, bushi na mota zinapatikana kutoka viwanda vingi, na mafundi wengi wameshazifungua mara nyingi. Kwa maoni yangu toleo la tatu la AK ni rafiki wa anayeanza, kwa kuwa mota yake imefungwa kwenye fremu pamoja na giaboksi na kuitoa ni kazi nyepesi. Majina yanayotajwa sana kwenye daraja la bei nafuu ni CYMA, JG na Specna Arms, na G&G huwa juu yao kidogo. Usilichukulie jina pekee kuwa dhamana: kampuni moja inaweza kuwa na bunduki za madaraja kadhaa, nyingine za mwili wa chuma na nyingine za plastiki tupu, na zote zikabeba nembo ileile.

Bunduki za kuepuka zinajitangaza zenyewe ukijua pa kutazama. Zinakuja na betri ndogo ya ajabu isiyofanana na ya bunduki nyingine, chaja isiyo na taa wala kipimo, na tangazo lisilotaja giaboksi popote. Tangazo likijaza sentensi kuhusu tochi na kurunzi ya leza likanyamaza kuhusu gia, ujue hakuna cha kusema kuhusu gia. Muulize muuzaji swali moja: giaboksi ni toleo la ngapi, na gia ni za chuma? Asipojua, mwache.

Namba nyingine inayowachanganya watu ni kasi. Wauzaji huiandika kwa futi kwa sekunde, na anayeanza hudhani kubwa ndiyo bora. Kasi bila uzito wa gololi haina maana yoyote. Kipimo cha kawaida hufanywa kwa gololi ya gramu 0.20. Gololi hiyo ikitoka kwa mita 100 kwa sekunde, yaani futi 328, ina nishati ya jouli 1 kamili. Nishati hiyohiyo ukiiweka nyuma ya gololi ya gramu 0.12 inatoka kwa karibu mita 129, yaani zaidi ya futi 420, na tangazo linang'aa. Ukiiweka nyuma ya gololi ya gramu 0.28 inatoka kwa kama mita 84.5. Bunduki ni ileile. Ndiyo maana viwanja vinavyojali usalama vinapima kwa jouli, na ndiyo maana nawe uulize: kasi hii imepimwa kwa gololi ya gramu ngapi?

Na hata ukishaijua, kasi siyo inayokupa shabaha. Shabaha inatokana na kitu kidogo kuliko ncha ya kidole: mpira wa hopapu. Mpira huo unakaa pale mtutu unapoanzia, ukiwa na kinundu kinachoigusa gololi kwa juu inapopita na kuifanya izunguke kinyumenyume. Mzunguko huo unaipa gololi mwinuko hewani, nguvu ileile inayoupinda mpira wa miguu uliopigwa kwa ubavu wa kiatu, na gololi inasafiri karibu sambamba na ardhi badala ya kudondoka mapema. Bunduki ya bei nafuu yenye hopapu mzima na gololi nzuri za gramu 0.25 itampiga mlengwa ambaye bunduki ya kasi kubwa yenye mpira uliokauka itamkosa siku nzima. Mpira mpya ni miongoni mwa spea rahisi kuliko zote, na kuubadilisha ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko nyingine yoyote ninayoijua katika mchezo huu.

Kwenye bajeti, bunduki isipewe kila kitu. Inunue miwani ya kinga kabla ya bunduki. Nasema kabla, kwa sababu nimewaona watu waliomaliza akiba kwenye bunduki kisha wakaja uwanjani na miwani ya jua. Gololi ya jouli 1 inaharibu jicho, na jicho halina spea. Tafuta miwani yenye alama ya kiwango cha Ulaya EN 166 ikiwa na herufi B, inayomaanisha kioo kimejaribiwa kwa gololi ya chuma ya milimita 6 iliyorushwa kwa mita 120 kwa sekunde, au yenye alama ya kiwango cha Marekani Z87+. Herufi F kwenye EN 166 ni daraja la chini, mita 45 kwa sekunde, na mimi siitegemei. Nyavu au barakoa ya kufunika mdomo nayo ni muhimu, kwani meno ya mbele hukatika kirahisi kuliko watu wanavyodhani.

Kitu cha pili ni betri na chaja. Betri za nikeli za volti 8.4 au 9.6 zinavumilia makosa ya anayeanza. Za lithiamu za volti 7.4 ni ndogo, nyepesi na zina nguvu zaidi, lakini zina masharti: kila seli isizidi volti 4.2 ikijaa, isishuke chini ya volti 3, na ichajiwe kwa chaja inayozisawazisha seli, wewe ukiwepo. Iliyovimba haitumiki tena, hata kama bado inawasha. Bunduki nyingi za bei nafuu hazina kifaa cha elektroniki cha kukata umeme betri ikikaribia kuisha, kwa hiyo ukisikia mlio unalegea, acha kufyatua, toa betri. Na usikimbilie volti 11.1 kwenye bunduki isiyotengenezwa kuzibeba. Utasikia raha ya kasi kwa muda mfupi, kisha utalipa gia.

Sasa niingie kwenye iliyotumika, kwa sababu hapo ndipo penye bahati nzuri zaidi na maumivu zaidi. Watu wengi huingia mchezo huu kwa hamu, wakacheza mara tatu, wakahama mji au wakapata majukumu, na bunduki zao zinauzwa zikiwa karibu mpya, pamoja na magazini na mabegi. Hizo ndizo za kuwinda. Muuzaji bora ni yule anayekwambia hajui chochote kilichomo ndani, hajawahi kuifungua.

Neno la kuogopa ni "imeboreshwa". Niliwahi kununua bunduki ya namna hiyo. Muuzaji alinihakikishia kwamba ina springi nzito na mota ya kasi, na kweli aliponifyatulia ilipiga kwa kishindo cha kupendeza. Ilipiga siku moja. Siku ya pili ikaanza kutoa mlio kama wa changarawe zinazosagwa, kisha ikanyamaza. Nilipoifungua nikakuta springi ya M120 inavutwa na pistoni ileile ya plastiki iliyotoka nayo kiwandani, na meno yake sita yamenyolewa. Hizo M100, M110 na M120 zinaeleza kwa makadirio mita kwa sekunde ambazo springi inaipa gololi ya gramu 0.20. Ukipandisha springi bila kupandisha kinachoivuta, umehamisha ubovu kutoka siku moja kwenda nyingine. Nilijilaumu kwa kutomwomba anionyeshe pistoni, na tangu hapo bunduki "iliyoboreshwa" naihesabu kwa bei ya bunduki ya kawaida, tena nikitoa gharama ya kuifungua.

Ukienda kuitazama, anza na vichwa vya skrubu. Vilivyolika vinakwambia kuna mtu aliyeifungua kwa bisibisi isiyo saizi yake, na aliyekosea hapo huenda amekosea na ndani. Kisha shika mwili kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, ujaribu kuupinda taratibu. Pale mtutu unapoingia kwenye mwili ndipo penye udhaifu wa bunduki nyingi, hasa zile za aloi ya zinki, ambayo ni nzito na inavutia mkononi lakini inavunjika ghafla bila kupinda kwanza. Kulegea kidogo kunarekebishika. Ufa haurekebishiki.

Halafu sikiliza. Vaa miwani, muuzaji naye avae, omba ifyatuliwe moja moja mara ishirini. Mlio mzuri ni mkavu na unafanana kila mara. Mluzi mwembamba unamaanisha gia hazikupangwa vizuri au mota haijakaa kimo chake. Hilo fundi analimaliza. Mlio wa kusaga ni meno. Ikibofya bila kuzunguka, inaweza kuwa betri dhaifu, inaweza kuwa pistoni imekwama, na bei ishuke kana kwamba ni lile la pili. Nusa karibu na mshikio: harufu ya vanishi iliyoungua ni mota inayoelekea kaburini.

Kama kuna mashine ya kupimia kasi, piga gololi kumi kwa gololi zako mwenyewe. Usiitazame namba kubwa kuliko zote; tazama zinavyokaribiana. Zikicheza ndani ya futi tano au sita, hewa haivuji. Zikirukaruka kwa ishirini au zaidi, kuna sili iliyochoka mahali fulani kati ya pistoni na hopapu. Sili ni spea rahisi, lakini ni hoja halali ya kupunguziwa bei. Mwisho zungusha gurudumu la hopapu kutoka sifuri hadi mwisho huku ukiitazama gololi inavyoruka. Lazima ufike mahali inapopanda juu waziwazi. Isipopanda kabisa, mpira umekufa au umewekwa vibaya.

Bastola ya gesi iliyotumika ina kipimo chake: magazini ijazwe leo, ipigwe kesho. Inayovuja haitakuwa na kitu asubuhi. Na betri za lithiamu zilizotumika mimi sizipokei hata za bure, kwa sababu hakuna anayejua zimewahi kushushwa hadi volti ngapi.

Ikiwa muuzaji yuko mbali, omba video isiyokatwa: karatasi yenye tarehe ya siku hiyo, bunduki pande zote, kisha milio kumi mbele ya mashine ya kupimia. Mwenye mali nzima atakubali bila shida. Anayeleta visingizio anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuna jambo ambalo ningelitanguliza kama makala ingekuwa ya mtoto, na hata kwa mtu mzima halipuuziki: sheria. Sheria za bunduki za mfano zinatofautiana sana kutoka nchi hadi nchi. Japani inaweka kikomo cha nishati karibu na jouli 0.98. Uingereza, kwa sheria ya 2006, inazuia uuzaji wa bunduki za mfano zinazofanana na za kweli isipokuwa kwa sababu maalumu, kama kushiriki mchezo wenyewe, na kikomo cha nishati nchini humo ni jouli 1.3 kwa zinazopiga mfululizo na 2.5 kwa zinazopiga moja moja. Ujerumani hairuhusu mfululizo kwa zinazozidi jouli 0.5. Marekani inadai ncha ya rangi ya chungwa kwenye zinazouzwa. Kwingine kuingiza hata moja bila kibali ni kosa la jinai, na kifurushi chako kitaishia forodhani huku fedha yako ikiwa imekwenda. Uliza mamlaka ya silaha ya nchi yako kabla hujalipa, na uombe jibu kwa maandishi.

Novemba 22, 2014, mjini Cleveland nchini Marekani, mtoto wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alipigwa risasi na polisi akiwa na bastola ya easofti isiyokuwa na ncha yake ya chungwa. Alifariki siku iliyofuata. Siandiki haya kumtisha mtu. Ninayaandika kwa sababu ile sifa inayotufanya tuzipende bunduki hizi, kufanana kwake na za kweli, haimpi mpita njia wala askari nafasi ya kutofautisha. Usiitoe rangi ya ncha. Ibebe ndani ya begi lililofungwa, betri na magazini vikiwa vimetolewa, kutoka mlangoni mwa nyumba hadi mlangoni mwa uwanja. Hata ukienda kukutana na muuzaji, kutaneni uwanjani au nyumbani kwake, kamwe msikutane kwenye maegesho ya magari.

Ikishakuwa yako, usianze na springi wala mota. Pitisha kitambaa safi kwenye fimbo ya kusafishia mtutu hadi kitoke cheupe. Nunua gololi nzuri, nyororo, zisizo na mstari wa kalibu, na usiokote zilizoanguka kuzirudisha kwenye magazini, kwa kuwa chembe moja ya mchanga inakwaruza mtutu na kuchana mpira wa hopapu. Kisha simamisha karatasi mita 20 mbele, nyuma yake pawe na kizuizi kisichorudisha gololi, na uzungushe hopapu kidogo kidogo huku ukipiga moja moja. Mwanzoni zitadondoka chini ya karatasi. Endelea hadi zinyooke, na zikianza kupanda rudisha nyuma kidogo tu. Pale zinaponyooka, chora alama ndogo ya rangi kwenye gurudumu, na uandike pembeni uzito wa gololi uliotumia.